Rejeta za kupashia nyumba: nilivyojifunza kuzitambua nikiwa Mabatini

Kazi yangu ni rejeta za magari. Fuso, Hiace, Noah, matrekta yanayoletwa kutoka Magu na Misungwi msimu wa kulima ukikaribia, na majenereta ya mahoteli. Kijiwe kiko Mabatini, hapa Mwanza, mji ambao baridi yake kali ni ile ya alfajiri ya Julai: unatafuta koti, saa nne asubuhi umeshalivua. Huku kazi ya rejeta ni kutoa joto kwenye injini na kulitupa nje. Kwamba zipo nchi ambako kitu cha namna hiyohiyo kinafungwa ukutani sebuleni ili watu wasigande, hilo nililijua kwa kusikia tu, mpaka mdogo wangu wa kike na mume wake waliponunua nyumba Sheffield, Uingereza.

Ni nyumba ya matofali ya zamani, zile zilizoshikana ukuta na jirani kushoto na kulia. Kila chumba kina rejeta ya namna yake, maana kila aliyewahi kukaa humo aliongeza ya kwake. Fundi aliyekuja kukagua akawapa bei ya kung'oa zote na kuweka mpya, bila kusema ipi ina tatizo gani. Mdogo wangu hakulala. Akanirushia picha WhatsApp: "Shikamoo kaka. Wewe si fundi rejeta? Hebu zitazame hizi kabla hatujamwaga hela."

Nilizitazama. Picha zote zilikuwa za mbele, rejeta nyeupe kwenye ukuta mweupe. Nikamjibu kwamba kwa picha za hivyo hata rejeta ya Fuso nisingeitambua.

Ngoja nieleze kwa nini. Rejeta ikiletwa kijiweni kwangu, mara nyingi imeshapakwa rangi nyeusi na fundi aliyetangulia, na rangi inaficha kila kitu. Kwa hiyo nachukua tupa, nakwangua pembeni ya tanki mahali pasipodhuru. Pakitokea unjano, hiyo ni ya shaba, ya kizamani, tanki na mirija vimelehemiwa kwa risasi, inafunguka na kutengenezeka. Pakitokea weupe unaong'aa, ni aluminiamu. Tanki likiwa la plastiki lililobanwa kwa meno ya bati na mpira katikati, risasi yangu haina kazi hapo, naangalia kama mpira unabadilishika. Halafu naziba midomo yote, naizamisha kwenye nusu pipa la maji, naingiza upepo wa kompresa kidogokidogo. Mapovu yakichomoza sehemu moja mfululizo, ni tundu. Yakijipanga mstari mzima kando ya tanki, mshono umeachia. Yakitoka huku na huku katikati ya mirija, hapo namwambia mwenye gari ukweli, aanze kutafuta nyingine.

Utaona kwamba sijataja gari ni la kampuni gani. Ninachotaka kujua ni kitu kimejengwaje: madini gani, maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, vipande vimeungwa kwa nini. Nikiyajua hayo, jina linakuja lenyewe, na lisipokuja sijapungukiwa. Rejeta za nyumba nilizisoma kwa njia hiyohiyo. Nikasoma vitabu vya mafundi vya kule, nikatazama video za watu wanaozifungua, lakini maswali yalitoka hapa kijiweni.

Nikamwagiza hivi: piga picha ya ubavuni, piga ya juu ukiinamisha simu, piga ya chini panapoingia mabomba. Chukua sumaku ya friji uigusishe. Gonga kwa kucha, unirekodie sauti. Shemeji akacheka sana eti ukuta unapimwa mapigo, lakini alizunguka na simu chumba hadi chumba, na zile sekunde chache za kila sauti zilinisaidia kuliko picha.

Ya sebuleni ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote. Ukiitazama kwa mbele unaona pingili za chuma zimesimama wima, zimebanana mfano wa mkate wa slesi. Ukienda ubavuni, pingili moja ina nguzo kadhaa zinazofuatana kuelekea ukutani. Hapa watu wengi huchanganya. Pingili zinahesabiwa kwa urefu wa rejeta, nguzo zinahesabiwa kwa unene wake. Ziko za nguzo mbili, tatu, nne, mpaka sita. Ukiwa na kimo, idadi ya nguzo na idadi ya pingili, una karibu kila kitu cha kukadiria joto linalotoka. Urefu peke yake haukuambii lolote, kwa sababu rejeta mbili zenye urefu sawa, moja ya nguzo mbili na nyingine ya nguzo nne, hazitoi joto sawa hata kidogo.

Sauti yake ilikuwa "dup", nzito, haina mwangwi. Sumaku ikanasa. Hicho ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu kikiwa uji. Historia yake inaanzia mbali: Franz San Galli, aliyekuwa na kiwanda St. Petersburg, Urusi, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa rejeta ya namna hii, katikati ya miaka ya 1850. Wamarekani wakaichukua wakaifanya biashara kubwa, na mwaka 1892 ikaundwa American Radiator Company kwa kuunganisha viwanda kadhaa. Tawi lake la Uingereza liliweka kiwanda Hull, nalo liliuza kwa jina Ideal, ambalo unalikuta limechomoza kwenye chuma chenyewe, kwenye pingili ya mwisho. Beeston ni jina jingine linaloonekana sana. Nilimwambia mdogo wangu apapase pingili za mwisho kwa vidole, asiangalie, kwa sababu herufi huwa zimezikwa na rangi. Akapata I na D, nyingine zote zimejaa rangi.

Za Marekani huwa pia na tarehe ya hataza iliyosubiwa pembeni. Wenye haraka huichukua kuwa ndiyo tarehe ya kutengenezwa, kumbe ni siku ubunifu uliposajiliwa, na kalibu hiyo huenda iliendelea kumiminwa miaka mingi baadaye.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi pingili zinavyoshikana. Katikati ya pingili na pingili, juu na chini, kuna kipete cha chuma chenye uzi pande mbili, upande mmoja uzi wa kulia, mwingine wa kushoto. Fundi anapitisha chuma kirefu ndani kwa ndani, anazungusha kipete, na pingili mbili zinavutana mpaka zinabanana. Akizungusha kinyume, zinaachana. Ziko nyingine ambazo kipete hakina uzi, kinashindiliwa tu, na fito ndefu zinazopita toka mwisho hadi mwisho ndizo zinazobana zote pamoja. Maana yake ni kwamba pingili moja ikipasuka kwa maji kuganda, haitupwi rejeta nzima: inatolewa hiyo moja. Mtu aliyeizoea shaba ya kulehemu anaielewa furaha hiyo. Hizi za aluminiamu na plastiki za siku hizi zimetuzoesha kutupa.

Sasa, usidhani nyumba ikiwa ya zamani basi na rejeta ni ya umri huo. Nyumba ndogo za wafanyakazi za kule zilijengwa zikiwa na mahali pa kuwashia makaa ya mawe kila chumba. Rejeta za chuma cha kusubu zilikaa kwenye shule, makanisa, hospitali na majumba ya wenye nazo. Upashaji wa nyumba nzima kwa maji ya moto uliingia kwa watu wa kawaida hasa miaka ya 1960 na 1970. Kwa hiyo ukikuta ya kusubu kwenye nyumba kama ya mdogo wangu, yaelekea mtu aliinunua kwenye jengo lililobomolewa akaileta. Za hospitali unazijua kwa ulaini wake: hazina maua wala mikunjo, nafasi kati ya pingili ni pana ili kitambaa kipite, na baadhi zilifungwa kwa bawaba zigeuzwe, ukuta wa nyuma usafishwe. Zile zenye maua ya kuchorwa kwenye chuma ni za kujionyesha, na leo ndizo ghali. Mimi nikiona shaba chakavu Mwanza naipima kwa kilo. Wao chuma cha kusubu chenye maua wanakipima kwa urembo, na ya zamani iliyosafishwa inaweza kukushinda bei kuliko mpya.

Nilimkataza jambo moja kabla hajaanza kuipenda sana. Alitaka kuikwangua rangi kwa msasa airudishe kwenye chuma. Rangi za zamani, zaidi zile za kabla ya miaka ya 1970, zilikuwa na risasi, na vumbi lake likiingia kwa mtoto linadhuru akili. Mimi risasi naijua, naiyeyusha kila siku, na watoto wa jirani nawafukuza kijiweni moshi ukianza. Nikamwambia apime rangi kwanza, kuna vifaa vya dukani vya kupimia, na ikionekana ina risasi awaachie wenye kazi hiyo waipeleke kuoshwa nje ya nyumba.

Ya ukumbini ilikaribia kunipoteza, na sababu ni sumaku. Picha ya mbele ilionyesha nguzo zilezile wima, sumaku ikanasa, ukaridhika ukasema ni ndugu ya ile ya sebuleni. Lakini sauti ilikuwa nyingine: "ting", nyembamba, inaondoka na mwangwi. Hiyo ni ya mirija ya chuma cha kawaida chembamba kisichosubiwa, mirija imechomelewa kwenye vichwa juu na chini. Waswisi wa kampuni ya Zehnder ndio walioanza kuzitengeneza Ulaya mwaka 1930, na mpaka leo zinauzwa mpya kwa sura ya kizamani. Sumaku haitenganishi chuma na chuma, inatenganisha chuma na aluminiamu tu. Kinachotenganisha hizi mbili ni uzito, sauti, na ngozi: ya kusubu ina ukavu na vijipele vya mchanga wa kalibu ukipapasa upande wa nyuma usiopakwa rangi vizuri, ya mirija ni laini na utaona mstari wa kuchomelea. Halafu kuna muda. Ya mirija inapata moto upesi na kupoa upesi. Ya kusubu inachelewa, ikishika imeshika, usiku unazima boila, ule mtambo unaopasha maji ya rejeta zote, na bado inatoa uvuguvugu.

Za aluminiamu mdogo wangu hakuwa nayo, lakini nizitaje kwa sababu zimejaa Italia na kwingineko: nazo ni pingili, zina kona kali na mapezi yaliyonyooka, na ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaibeba kwapani. Sumaku inateleza. Hizo maji yake yanataka dawa ya kuzuia kutu inayofaa aluminiamu, si yoyote. Ni yaleyale ninayowaambia madereva wanaojaza maji ya kisima na kupitisha miezi bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta.

Vyumba vya kulala vilikuwa na mabamba, na haya ndiyo rejeta ya watu wengi. Ukiyatazama kwa mbele yote yanafanana: bati la chuma lenye mifereji wima. Siri iko juu. Inama uchungulie. Utaona bamba moja, mawili au matatu ya maji, na kati yake mabati membamba ya kukunjakunja yaliyochomelewa ili kuongeza eneo la kugusana na hewa. Sisi kwenye magari tunayajua mapezi hayo, ndiyo yanayofanya kazi kubwa kuliko mirija. Wameyapa namba za tarakimu mbili, ya kwanza idadi ya mabamba, ya pili idadi ya safu za mapezi. Namba 10 ni bamba moja bila mapezi. 11 ni bamba moja na safu moja. 21 ni mabamba mawili na safu moja, 22 mawili na mbili, 33 matatu na tatu. Namba 22 ya kimo na urefu uleule na 10 inatoa joto zaidi ya mara mbili, na mtu anayezitazama kwa mbele hawezi kujua.

Ukingo wa juu nao unaeleza umri, kwa kukadiria. Zile za zamani zina mshono wazi juu, bati mbili zimebanwa na kuchomelewa. Nyingine zimekunjwa juu mviringo. Za karibuni zimefunikwa kwa wavu juu na vibao pembeni. Chumba cha watoto kilikuwa na ya mshono, bamba moja tupu, namba 10, na ndicho chumba walichokuwa wanalalamika kuwa hakipati joto. Fundi wao alikuwa amesema boila ni dogo.

Kuna mtego mwingine wa vipimo. Uingereza zamani walipima kwa inchi. Bamba la inchi 36 ni milimita 914, na bamba jipya la dukani ni milimita 900. Hizo milimita 14 zinatosha kabisa kufanya bomba lisifike kwenye vali. Ukiona rejeta ya bamba ambayo urefu wake hauingii kwenye mamia ya milimita lakini unaingia sawasawa kwenye inchi, ni ya enzi hizo, na fundi ajiandae na kiunganishi kirefu au kuhamisha bomba chini ya sakafu. Mdogo wangu alipopima ya chumba cha watoto, alinitumia namba 914 kamili. Nilifurahi peke yangu pale kijiweni mpaka kijana wangu akauliza nimeshinda nini.

Jikoni hawakuwa na rejeta, ndivyo alivyosema. Ila palikuwa na upepo wa moto unaotoka chini ya kabati. Nikamwambia afungue kile kibao cha chini. Akapiga picha, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu cha nyumbani kwangu: mirija ya shaba iliyopigwa mapezi ya aluminiamu, na feni nyuma. Hiyo ni hita ya ndani ya gari, ile iliyo nyuma ya dashibodi, imelazwa chini ya kabati. Haina siri. Vumbi na mafuta ya kukaangia vimeziba mapezi, zima umeme, toa, piga brashi.

Bafuni ni ile ya ngazi ya kuanikia taulo, sina la kusema zaidi ya kwamba zenye kromu zinatoa joto pungufu kuliko zilizopakwa rangi za ukubwa uleule.

Chumba kidogo cha nyuma kilikuwa na kitu kinene, kimefungwa kabisa, kizito, hakina bomba hata moja. Hiyo haimo katika familia hii. Ina waya mnene wa umeme na vifundo viwili vya kuzungusha. Ndani ni matofali mazito yanayopashwa usiku umeme ukiwa bei nafuu, mchana yanatoa joto polepole. Nilimwambia asiifungue. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 ziliwekwa asbesto ndani, na hilo si la kuchokonoa kwa bisibisi.

Kutambua aina kumalizike, bado kuna swali la nini kinaendelea ndani. Hapo nilikuwa nyumbani. Rejeta ya nyumba ikiwa na moto chini na baridi juu, kuna hewa imekaa kichwani. Ikiwa na moto juu na baridi chini katikati, kuna tope. Ikiwa baridi nzima wakati za jirani zina moto, tazama vali. Ya ukumbini ilikuwa na hewa. Kuna kifunguo kidogo cha shaba chenye tundu la pembe nne, unakiingiza pale juu pembeni, unazungusha robo tu, umeshika kitambaa. Inatoa mlio wa "ssss", kisha inakohoa, kisha maji. Ya kwao yalitoka meusi tii. Mdogo wangu akaogopa. Nikamwambia atie sumaku ndani ya kikombe: ule weusi ukaifuata. Ni kutu nyeusi, chuma cha rejeta zenyewe kinalika kidogokidogo. Kutu ya namna hiyo huzaa pia haidrojeni, gesi inayoshika moto, kwa hiyo rejeta inayodai kutolewa hewa kila mara huenda haivuti hewa popote, inaitengeneza humohumo. Ndiyo maana usisogeze kiberiti pale unapofungua.

Mwenye gari anaelewa chanzo chake: oksijeni mpya. Mfumo wao ulikuwa wa zamani, una tanki dogo la wazi darini linalojazia maji. Mfumo uliofungwa hauingizi maji mapya mpaka yavuje, unakaa na presha yake ya kama ba 1 hadi 1.5 (ba ni kipimo cha presha) ukiwa baridi, na una vali ya usalama inayofungua kwenye ba 3. Ule wa tanki la wazi, ukifungwa vibaya, unavuta hewa na kuzungusha maji yenye oksijeni, na mabamba membamba ndiyo yanayotoboka kwanza. Ya kusubu ina unene wa kuvumilia. Hapa Mwanza tuko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo gari lenye kifuniko cha rejeta kilicholegea linachemsha upesi kuliko likiwa Dar es Salaam. Ukizoea kufikiria presha na hewa namna hiyo kila siku, mfumo wa nyumba si mgeni.

Habari zikasambaa kwenye kundi la familia. Binamu yangu aliyeko Ujerumani akaleta yake, ya kusubu yenye vali ya namba 1 hadi 5, akiamini kwamba 5 inapasha chumba haraka kuliko 3. Haifanyi hivyo. Namba zile zinachagua joto la chumba la kusimamia, 3 ni kama nyuzi 20, na mpaka chumba kifike huko vali iko wazi tu vyovyote vile. Mwingine, wa Chicago, akaleta ya ajabu zaidi: bomba moja tu linaingia chini, hakuna la kutokea, na ubavuni nusu ya kimo kuna kitu cha rangi ya fedha kinachopuliza. Hiyo haipiti maji ya moto, inapita mvuke. Mvuke unapanda kwa bomba hilo, unapoa, unageuka maji, na maji yanarudi kwa bomba hilohilo. Ikipiga kelele za nyundo usiku, aghlabu rejeta imelala vibaya, maji yametuama na mvuke unayasukuma. Inainuliwa kidogo upande wa mbali na bomba, maji yatelemke. Pia vali yake ya chini haitakiwi kufunguliwa nusunusu, ama wazi kabisa ama imefungwa kabisa. Ukitaka kujua pingili za zamani zilitengenezwa kwa mvuke au kwa maji, tazama zilivyoungwa: zilizoungwa chini peke yake ni za mvuke tu, zilizoungwa juu na chini zinaweza maji.

Sheffield, kilichobaki ni uamuzi, na uamuzi ukageuka kidogo kwa sababu shemeji anataka kuondoa boila la gesi aweke pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Pampu hizo zinafanya kazi vizuri maji yakiwa vuguvugu, si ya moto kama ya boila. Joto linaloandikwa kwenye rejeta mpya hupimwa maji yakiwa wastani wa nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Ukishusha tofauti hiyo iwe 30, rejeta ileile inatoa takribani nusu tu. Kwa hiyo nilimwandalia orodha kwa mkono, nikaipiga picha. Ya kusubu ya sebuleni ibaki, ni kubwa kuliko chumba kinavyohitaji, ila wapime sakafu kabla ya kuihamisha, maana ikiwa na maji inavuka kilo 100. Ya ukumbini ioshwe ndani, itiwe dawa. Namba 10 ya watoto itoke, iingie 22 ya kimo kilekile, na fundi aambiwe mapema kuhusu zile milimita 14. Fundi waliyempata safari hii aliisoma orodha, akauliza nani ameiandika. Shemeji akamwambia ni mtu wa matrekta, yuko Mwanza. Bei yake ikapungua ile ya kwanza kwa rejeta mbili ambazo fundi wa kwanza alizihesabu kuwa za kung'oa.